Kila Bega na Mama Yake

Nobila alipokufa, hakuna mtu pale Wedgo aliyeuliza ameugua nini. Lilikuwa tumbo, kila mtu alijua. Kilio chake kilisikika kijiji kizima mpaka sauti ikamkauka. Walichotaka kujua ni nani aliyekula roho yake, na swali hilo kwetu halipelekwi kwa daktari. Linapelekwa kwa marehemu mwenyewe. Anafungwa kwenye mkeka, analazwa juu ya machela ya miti, wanaume wanne wanamtia mabegani, naye anawaongoza mpaka kwa aliyemuua.

Habari ilimkuta Tiraogo bwawani akifyatua matofali, udongo umempanda mpaka kwenye viwiko. Kitu cha kwanza alichokifikiria hakikuwa kijana wa watu aliyekufa angali na miaka ya kucheza mpira, wala wazazi wake. Alifikiria mdomo wa mama yake.

Mama yake, Yampoko, alikuwa na mdomo, na hakuwahi kuuficha. Wiki ileile, mbuzi wa kina Nobila walikuwa wameingia kwenye bamia zake na kuzila zote, na Yampoko akamkamata kijana mbele ya wanawake waliokuwa wakiuza pombe ya mtama.

"We mtoto, hao mbuzi ni wako au wewe ndiye wao?"

Nobila alicheka. Wanawake nao wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomtia Yampoko wazimu.

"Cheka! Cheka vizuri mpaka meno yakauke! Utaona!"

Ataona nini, hata Yampoko mwenyewe hakujua. Hilo ni neno ambalo mama yeyote wa Wedgo amelisema kabla hajanywa uji wa asubuhi. Anamwambia mume, anamwambia mtoto, anamwambia kuku anayechokora unga. Ila safari hii aliyeambiwa alikufa, na wanawake wa pombe walikuwepo wote na masikio yao.

Tiraogo alinawa haraka akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anapepeta mtama ambao ulikwisha kupepetwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mimi nilimwambia utaona tu. Hata wewe nakwambia hivyo kila siku. Umewahi kuona nini?"

"Sijaona kitu."

"Basi!"

"Mama, leo kaa ndani. Usitoke."

"Nikikaa ndani watasema najificha. Nikitoka watasema nimekuja kuangalia kazi yangu." Akautikisa ungo. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na Tiraogo akatazama pembeni maana hakuwahi kuiona ikitetemeka, hata siku ya kumzika baba.

Mwanamke akishagongwa na maiti hawezi kulala tena Wedgo. Anaondoka siku hiyohiyo kwa miguu, na nguo alizovaa. Hakuna kijiji cha karibu kitakachompokea, kwa hiyo wengi huishia mjini, kwenye kituo cha watawa, ambako vikongwe wa sampuli yao wanakaa wamejipanga ukutani wakisokota pamba mpaka siku zao ziishe. Tiraogo alipokuwa mdogo aliwahi kumsindikiza mmoja hivyo, yeye na watoto wenzake, wakimrushia mabonge ya udongo mpaka nje ya mashamba. Walirudi wakiimba, wakapewa karanga. Hakuna aliyejiona mbaya siku ile. Kusema kweli, ilikuwa siku nzuri.

Sasa akaona njia moja tu ya kumsaidia mama yake, akaishika bila kuifikiria sana. Akaenda msibani kujitolea kubeba.

Kubeba maiti si kazi inayogombaniwa. Wabebaji hawatakiwi kuwa ndugu wa marehemu, kwa hiyo kwa kawaida mkuu wa ukoo, mzee Bila, hutuma watu kutafuta vijana, na vijana hukumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa nyumbani. Lakini Tiraogo alipofika uani kwa Rawende, baba wa marehemu, aliwakuta watatu wamekwisha kusimama kando ya machela: Gomdaogo, rafiki yake wa tangu utotoni, Sibiri, anayeendesha mashine ya kusaga, na Kudbi, mfupi, mwenye shingo ya fahali. Hakuna aliyekuwa ameitwa.

"Leo vijana wana moyo," alisema mzee Bila, akafurahi.

Hawakutazamana usoni. Walitazama mkeka.

Zerbo, fundi baiskeli, alikuwa tayari amekwisha kuwatibua wafiwa. Yeye ni Msamo, na Wasamo ni watani wetu sisi Wamosi. Msiba wa Mmosi bila Msamo wa kuuvuruga si msiba. Alikuwa amejilaza juu ya machela matupu, kofia usoni.

"Nibebeni mimi!" alipiga kelele. "Huyo mtoto anajua nini? Mimi ndiye mwenye siri zenu. Nitaanza na mzee Bila."

"Toka hapo, mla vichwa vya mbwa!" mtu akamjibu.

"Mbwa wenyewe nawanunua kwenu, enyi watumwa wangu! Nani kawapa ruhusa ya kufa bila kuniuliza?"

Hata Rawende alitabasamu kidogo katikati ya machozi, ndiyo kazi ya mtani. Kisha Zerbo akaondoka kwenye machela, na Nobila akalazwa juu yake.

Tiraogo alishika mti wa mbele, upande wa kushoto. Gomdaogo akawa kulia kwake. Nyuma walikuwa Sibiri na Kudbi. Walipoinua, Tiraogo alishangaa jinsi kijana alivyokuwa mwepesi.

Mzee Bila akayasogelea machela. "Nobila, mwana wa Rawende. Kama umekufa kifo cha Mungu, rudi nyuma tukakuzike. Kama kuna mtu, twende."

Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu wakaenda.

Wengi wameniuliza, hivi wale wabebaji wanasukuma au wanasukumwa? Nawajibu, mjaribu siku moja. Mti uko begani, jasho liko machoni, umati mzima uko nyuma yako unapumua kwa pamoja, na unapohisi mti unakwenda, unakwenda nao. Huwezi kujua ulianza na nani. Tiraogo naye hakujua. Waliyumba uani, wakatoka langoni, wakaipita ghala, wakafuata njia ya katikati ya mabua ya mtama yaliyovunwa, na watu wakiwafuata, wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto huku na huku. Mama Nobila alitembea akiwa ameshikiliwa na dada zake. Hakuwa akitazama machela. Alikuwa akimtazama Yampoko, ambaye hakukaa ndani.

Mwishoni mwa mashamba njia inagawanyika. Ya kushoto inakwenda kwa Yampoko. Ya kulia inakwenda kwa Tené.

Pale machela yakasimama. Tiraogo alisikia umati nao ukisimama nyuma yake. Halafu mti ukamvuta shingo kuelekea kushoto, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta nguo akuoneshe kitu. Akajua kwamba akiwaza atachelewa. Akaukaza mguu wa kushoto, akausukuma mti kwa shingo na bega kuelekea kulia, kwa nguvu zake zote, akijua kabisa anachofanya.

Alitarajia ugumu. Alitarajia wenzake wapinge, maiti yenyewe ipinge. Lakini machela yaligeuka kwa urahisi uliomshtua, nusura aanguke. Yakakimbia. Wao wanne mbio, njia ya kulia, vumbi, na nyuma yao kelele zikapasuka.

Tené alikuwa mjane, na binti zake wawili waliolewa mbali. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Alikuwa mtu wa mafuta ya shea. Nusu ya watoto wa Wedgo, Tiraogo akiwa mmojawao, walisuguliwa kifua na mikono yake walipokuwa na kikohozi. Msimu wa shea yeye na Yampoko walikwenda kuokota kokwa pamoja alfajiri, wakirudi wanasikika wakicheka kabla hawajaonekana. Wabebaji walipoingia uani kwake alikuwa akikoroga chungu. Aliiona maiti, akaitua kata chini taratibu, akajifuta mikono.

"Hapana," alisema. Si kwa sauti kubwa. "Hapana jamani, mmepotea njia."

Machela yakamgonga kifuani. Mara ya kwanza alirudi nyuma. Ya pili alikaa chini. Ya tatu alikuwa chini tayari, ikabidi wabebaji wapinde magoti.

Kisha ukaja ule ukimya mfupi ambao Tiraogo angeukumbuka zaidi kuliko kelele zote. Ulikuwa ukimya wa watu wasiojua waanze vipi. Walikuwa ni majirani zake. Kuna waliokopa chumvi kwake asubuhi ile. Mtu mmoja tu angesema, jamani, ni Tené huyu, twendeni nyumbani, nadhani wangekwenda. Tiraogo alimtafuta Zerbo kwa macho, maana mtani ana ruhusa. Mtani angejitupa chini mbele ya maiti akadai apewe kuku ndipo apishe, na hakuna Mmosi ambaye angemkasirikia. Zerbo alikuwa amesimama penye ukuta, kofia mkononi.

"Tené," mwanamke mmoja alisema, kwa mshangao tu. "Kumbe."

"Kumbe!" mwingine akasema, kwa nguvu kidogo.

"Alimpa mwanangu mafuta! Alimpaka mwanangu!"

"Na wangu!"

Bonge la udongo likatoka kwa watoto. Chungu kikapigwa teke, mafuta yakamwagika kwenye majivu. Na aliyelishika paa la nyasi kwanza, akachomoa konzi nzima akaitupa uani, alikuwa Yampoko.

Tiraogo alimwona vizuri. Uso wa mama yake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mwanamke aliye kazini, kama siku ya kupiga mtama, na sauti yake ilizidi sauti zote. "Toka! Mla watoto, toka!" Tangu asubuhi alikuwa akitetemeka, sasa mikono yake ilikuwa imara kabisa. Wenzake wakamfuata. Paa lilikwisha upesi. Wanaume walivunja ghala. Mtu alimpiga Tené kwa bua la mtama mgongoni, akaona haya, akampa mwenzake lile bua, na mwenzake hakuona haya.

Wabebaji hawaruhusiwi kutua mpaka aliyegongwa aondoke, kwa hiyo walisimama. Bega la Tiraogo lilikuwa limekufa ganzi, na ile ganzi ikashuka mkononi, ikapanda shingoni, akahisi kama imeingia mpaka ndani ya mdomo. Aliamua kumtazama kuku mmoja mweupe aliyekuwa akichokora zile nyasi za paa kutafuta wadudu. Alimtazama kuku huyo muda wote. Tené alipopita karibu yake, kichwa wazi, hakumtazama, na Tiraogo akashukuru. Nalisema kama lilivyo: alishukuru.

Jioni mama yake alimpikia ugali na mchuzi wa kuku, ukanukia vizuri. Kuku wa nani, Tiraogo hakuuliza.

"Kula, umefanya kazi nzito."

Akala.

"Mimi siku nyingi nilikuwa namshuku," alisema Yampoko, akiwa amempa mgongo, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Ile mikono yake. Ina joto sana."

"Mama."

"Nini?"

"Pilipili imekolea."

"Utaizoea," alisema mama yake, na hawakulizungumza tena. Tiraogo alilala akijaribu kujisikia vibaya. Alimkumbuka Tené akimsugua kifua. Alijilazimisha kuikumbuka ile harufu ya shea. Ilikuja, lakini haikuja na kitu kingine chochote, akageuka upande wa pili akalala.

Baada ya mazishi, wabebaji wanne walipewa mtungi wa pombe, kama ilivyo desturi. Wakakaa nyuma ya mashine ya Sibiri, kibuyu kinazunguka. Mazungumzo yalikuwa ya mvua, ya bei ya simu, ya mke wa Kudbi anayekoroma. Kibuyu kilipozunguka vya kutosha, Tiraogo akauliza kama anayetania.

"Hivi pale njia panda, nani alisukuma?"

Sibiri akacheka. "Maiti, nani mwingine?"

"Mimi nilikuwa nyuma," alisema Kudbi. "Wa nyuma haoni kitu."

"Bega langu lilikuwa limelala kabisa," alisema Gomdaogo. "Hata ungeligonga nyundo."

Wakacheka wote. Kicheko kikaisha. Gomdaogo akatema mate kando, akauliza bila kumtazama yeyote:

"Mama yako hajambo, Tiraogo?"

"Hajambo. Wako?"

"Hajambo kabisa. Anawasalimu."

"Na mama Kudbi?"

"Mzima," alisema Kudbi. "Mguu tu unamsumbua. Mama Sibiri je?"

"Mzima wa afya. Jana kanitukana vizuri."

Tiraogo akakishika kibuyu, akakitazama ndani. Ndipo akaelewa kwa nini machela yaligeuka kwa urahisi vile. Mama Gomdaogo, bibi Raspoko, mwaka jana aligombana na Rawende kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mama Sibiri alimpikia Nobila maharagwe siku alipoanza kuugua. Mama Kudbi ana jicho moja jeupe, na watu wa kusema hawakosi. Kila mmoja alikwenda kubeba kwa sababu ileile, na kila mmoja alisukuma kulikokuwa na mwanamke asiye na bega hata moja chini ya ile miti. Hakuna aliyemchukia Tené. Alikosa mtu tu.

Alitaka kulisema hilo. Alifungua mdomo kabisa. Akawaona wenzake wanavyoitazama pombe, akafikiri: nikisema mimi nilisukuma, ni mimi niliyesukuma. Nikinyamaza, ni maiti. Akanywa, akampa Kudbi kibuyu.

Baridi ilipoanza kuleta vumbi la kaskazini, Gomdaogo akaamua kwenda Ivory Coast, kwenye mashamba ya kakao, alikokuwa na mjomba. Mwanzoni mpango ulikuwa wa wawili. Tangu wakiwa wadogo walisema wataondoka pamoja, na Tiraogo alikuwa na begi, alikuwa na kila kitu. Ila sasa kila alipolitazama lile begi aliuona ule mti wa mbele, upande wa kushoto, na mtu mwingine akiwa ameushika.

"Twende bwana," alisema Gomdaogo. "Utafyatua matofali mpaka lini? Utakuwa tofali mwenyewe."

"Tangulia."

"Unaogopa nyoka wa kule?"

"Namwogopea mama."

Gomdaogo aliacha kutabasamu. Alielewa. Pale pale, penye lori lililokuwa likipakia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo si kawaida yake.

"Basi mwangalie na wa kwangu. Unanielewa? Nisipokuwepo, wewe ndiye mimi."

"Nitamwangalia."

"Sema vizuri."

"Mama yako ni mama yangu," alisema Tiraogo, na aliimaanisha kila silabi yake.

Bibi Raspoko aliichukua ahadi hiyo kwa uzito. Alikaa peke yake nyuma ya mashine, na kila Tiraogo alipopita kwenda bwawani alimtokea na bakuli la uji au kipande cha keki ya karanga. Alimtania kwamba amekuwa mwembamba kwa sababu ya kufikiria wasichana, akamwita mume wake mdogo. Tiraogo alimsombea maji na kumtengenezea ukuta. Akiwa kule alijisikia karibu kama mtu.

Kisha mjukuu wa mzee Bila akafa kwa homa, mtoto wa kike aliyekuwa ameanza tu kutembea, na machela yakatolewa tena.

Tiraogo alifika wa kwanza. Akashika mti uleule. Sibiri na Kudbi wakaja, wakashika yao, na mahali pa Gomdaogo akaingia Lamusa, aliyeoa majuzi na ambaye mama yake aliishi jirani kabisa na wafiwa. Mtoto alikuwa hana uzito wowote. Ilikuwa kama wamebeba mkeka mtupu, na kitu chepesi namna ile kinageuka kwa kukohoa tu.

Machela yalikwenda. Yakauelekea ua wa Lamusa, Lamusa akakaza shingo, yakaondoka. Yakatazama kwa Kudbi, yakaondoka. Yakaja njia ya Yampoko. Tiraogo alisukuma bila hata kujishauri, yakaondoka. Hakuna aliyeficha sana safari hii. Walikuwa wamekwisha kuzoea. Yakaipita mashine ya kusaga, na Tiraogo akaona yanakokwenda.

Hapo alijaribu. Nataka ijulikane kwamba alijaribu. Alikita miguu, akaweka uzito wake wote dhidi ya wale watatu, akasema moyoni, si huyu, si huyu. Machela yakasimama yakitetemeka, miti ikalia. Jasho lilimwingia machoni. Upande wa pili wa mti hakukuwa na Gomdaogo.

Mzee Bila akanyanyua mkono. "Kuna mtu anamzuia mtoto," alisema.

Umati ukawatazama wabebaji, mmoja mmoja.

"Anayemzuia maiti," mzee akasema tena, polepole, "ana wa kumficha."

Na Tiraogo akaona vichwa vikigeuka. Havikugeuka kwa Raspoko, ambaye wala hawakuwa wamemfikiria bado. Viligeuka nyuma, kwenye kundi la wanawake, kumtafuta mama wa Tiraogo. Yampoko alikuwa katikati yao, na wale waliokuwa wamemkaribia walikuwa wanasogea pembeni kidogo kidogo, wanampa nafasi. Alikuwa akimtazama mwanawe. Hakusema kitu, yeye mwenye mdomo.

Tiraogo hakusukuma. Hivyo ndivyo atakavyosema siku akiulizwa, na itakuwa kweli. Aliacha tu kuzuia.

Bibi Raspoko alikuwa amesimama nje ya mlango wake, ameshika kichungio cha unga. Wanawake waliobaki majumbani huingia ndani wanapoisikia maiti inakuja. Yeye hakuingia. Aliwaona wakija mbio, akanyanyua mkono kukinga jua, akamwona nani yuko mbele upande wa kushoto, na uso wake ukatulia.

"Aa, ni wewe," alisema. "Gomdaogo aliniambia nisiogope, wewe utakuwepo."

Alisogea hatua moja pembeni ili wapite. Alidhani wanapita.

Machela yakageuka naye, yakampata begani, kichungio kikaanguka, unga ukamwagika miguuni mwake. Nyuma, sauti ya mwanamke ikasema "Kumbe," na Tiraogo aliijua sauti hiyo kwa sababu ndiyo iliyomlea.

"Hakumgusa vizuri," alisema mzee Bila. "Rudini."

Raspoko alikuwa akimtazama Tiraogo kutoka chini, bado hajaelewa, akitafuta usoni mwake sababu yoyote nyingine.

"Umechoka, mwanangu?" aliuliza. "Mti umekuponyoka?"

"Hapana, mama," alisema Tiraogo, na wakarudi nyuma kidogo, wakaenda tena.